Wasiorudi Mshipani

Kwenye lebo hawakuandika Ambakisye.
Namba tu, na tarehe ya kuzaliwa
ambayo sisi nyumbani tunajua iliokotwa kanisani.
Nilipaswa kumpa Tumpale aisome damu hiyo.
Sikumpa.

Mililita kumi, baba,
zimetoka Makongolosi ndani ya kisanduku cha barafu,
zimevuka Kawetere penye ukungu uliolala barabarani
kama ng'ombe asiyeogopa lori.
Dereva anasema alifunga vioo vyote na bado meno yaligongana.

Nikazihesabu seli T zako.
Kokwa kubwa, nyama kidogo,
mfano wa parachichi la kienyeji la Tukuyu.
Zilisoma shule ngumu, ile tezi iliyo juu ya moyo,
ambako katika mia hufaulu mbili, tatu,
na walioshindwa hawarudi kwao kueleza.
Idadi nzuri.
Nikaandika daftarini: idadi nzuri.
Kisha nikakaa, kalamu mkononi, Loleza dirishani haionekani.

Maana chupa hii inanionyesha wapitao tu.
Simama Mbalizi, hesabu malori ya Tunduma
mpaka vidole vife ganzi:
utajua nini juu ya walioko Umalila,
wanaochimba viazi na hawana safari?

Wapo wengine.
Walifika pafuni mwako mwaka ule wa kikohozi,
mama alipohamishia godoro sebuleni
(si kukukimbia, alisema, ni kukusikia vizuri).
Walikuwa wanapita na damu kama kila siku.
Wakasikia harufu ya vita, wakapunguza mwendo,
wakaviringika kando ya mshipa,
wakajipenyeza kati ya tofali na tofali la ukuta
ulio mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu,
wakatokea kwenye vifuko vya hewa
vilivyojaa vumbi la karasha.
Humo wakawakuta walafi wamevimeza vijidudu
na hawajui wavifanye nini.
Wakawazunguka, bega kwa bega,
kama tunavyouzunguka moto wa msitu na matawi mabichi,
tukiupiga, tukiulilia, tukiupiga.

Moto ulizimwa. Vidonge navyo, miezi sita, tusivinyime haki yao,
na ule mkojo mwekundu uliokufanya uniite usiku
uniage.

Ulipozimwa, wengi walikufa. Baadhi walirudi barabarani.
Na wachache
wakaufunga mlango wa kurudia.
Wameshika ukuta wa pafu kwa viganja,
wanaishi kwa mafuta kidogo na hewa yako,
wanaikumbuka sura ya adui
kuliko wewe unavyoikumbuka ya baba yako.
Hao sindano ya mkononi haiwafikii.
Kwa panya twaweza: rangi mshipani, dakika tatu,
anayeng'aa ni mpita njia,
asiyeng'aa ndiye mkaazi.
Lakini panya huyo hana jioni.

Dhahabu ya juu ilipokwisha, wenzako walipanda malori.
Wewe ukapanda alizeti.
Kaka zangu wakasema mzee amerogwa na shimo,
njoo Uyole, kuna umeme, kuna hospitali, kuna wajukuu.
Ukasema: nani atakayejua hapa palipoporomoka, nikiondoka?
Nilikasirika miaka minne.

Leo mchana nilikupigia. Sikukuambia nimeiona.
Ulikuwa unapepeta, nilisikia ungo.
Ukakohoa mara moja.
"Vumbi tu," ukasema.
Nikasema ndiyo, vumbi,
nikabana simu sikioni,
nikaanza kuhesabu kimya kilichofuata,
moja, mbili,
nikiwaomba wale wasiorudi
wawe macho.